Boti ya Mbao Huanza Kuozea Juu

Masika yakikata, mwalo wa Kayenze, ufuko wetu wa boti kwenye Ziwa Victoria hapa Mwanza, hujaa boti zilizovutwa nchi kavu na wenye boti wanaoulizana bei ya rangi. Muulize yeyote anatengeneza nini mwaka huu, atakwambia, "Napiga rangi tu." Ukimdadisi zaidi anaona unamtafutia maneno. Basi acha niyatafute. Rangi ni kazi ya mwisho kwenye boti ya mbao, na kwa boti nyingi za mialo yetu ndiyo inayomzuia mwenye chombo asione kinaumwa wapi.

Boti yetu, yangu mimi na baba mdogo, ni ya tanga. Injini hatuna na hatujapanga kununua. Kazi yake ni ndoano za sangara, na machungwa yakishuka bei Ukerewe tunavuka kuyafuata. Inatoka alfajiri na upepo wa nchi kavu unaosukuma kwenda ziwani, inarudi mchana upepo ukishageuka. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, mchana hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo una ratiba yake na mwenye tanga anaijua. Ila ratiba hiyohiyo ndiyo inayoleta ngurumo za usiku: pepo za nchi kavu kutoka kila upande hukutana katikati ya ziwa, hunyanyua hewa yenye unyevu, na kabla jogoo hajawika mawingu yameshasimama. Ziwa lenye kilometa za mraba zaidi ya 68,000 halina kona ya kujificha ukiwa katikati na mshono umeachia.

Kwetu msimu unaisha mwishoni mwa Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi, kusi linavuma, mbao zinakauka, na mvua za vuli bado ziko mbali. Hapo ndipo tunapoivuta. Na kama unamtaka fundi, mtafute siku za giza la mwezi, usingoje mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa zao hazina kazi, kwa hiyo boti zote za dagaa hulala mwaloni kwa wakati mmoja na kila tajiri anamtaka fundi huyohuyo, leo hii. Bei inapanda na kazi inafanywa mbiombio. Siku za giza zikirudi mwalo unakuwa mtupu, fundi yupo chini ya mti, anakunywa chai na anakusikiliza.

Wa kwetu ni mzee wa Kijita, fundi wa siku nyingi. Mara ya kwanza nilipomwonyesha boti yetu nilianza kumsimulia tulivyoipaka rangi vizuri. Akanikata: "Usinionyeshe rangi, mwalimu. Nionyeshe maji yanapokaa." Tangu hapo ndivyo ninavyokagua.

Shemeji yangu wa Bagamoyo anapokuja Mwanza hushangaa tunavyoiachia boti ikae majini bila wasiwasi. Kwao mwenye chombo cha mbao analala akiwaza minyoo ya baharini, ile inayotoboa ubao kutoka chini ya maji na kuuacha mashimo matupu ndani huku nje unaonekana mzima. Ziwani hiyo minyoo haipo. Wala hakuna chaza wa kung'ang'ania chini ya boti, ni utelezi wa kijani na konokono wachache tu, vinavyotoka kwa brashi. Kwa hiyo zile rangi za bei mbaya za kuzuia viumbe wa baharini, mtu wa Mwanza akizinunua ametupa hela.

Lakini maji baridi yana adhabu yake. Chumvi huwachelewesha fangasi wanaokula mbao. Wajenzi wa meli za zamani huko Ulaya na Marekani walikuwa wakijaza chumvi kati ya mbavu za meli kwa sababu hiyo. Sisi chumvi hatuna, si ziwani wala mawinguni. Na fangasi wanataka vitu viwili pamoja, unyevu na hewa. Ubao uliozama moja kwa moja umelowa mpaka kiini, hewa haipiti, fangasi hawafanyi kitu. Ubao mkavu wenye unyevu chini ya asilimia 20 nao hauwafai. Wanaoushambulia ni ule ulio katikati, unaolowa leo, unakauka nusu kesho, unalowa tena keshokutwa. Kwenye boti ubao huo uko juu: ukingo, chini ya mabao ya kukalia, tundu la mlingoti, vichwa vya mbavu, na ule mstari ambapo maji ya ziwa na hewa vinapokezana. Mkuku wetu, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wa boti, ni wa mvule, mkubwa kwa umri kuliko mimi, na ukiugonga unalia kama siku ulipochongwa. Ukingo tumeshaubadilisha.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ukague ikiwa bado imelowa. Wengi huivuta boti, wakaiacha kwenye jua wiki kadhaa, ndipo wanarudi kuangalia, na kwa wakati huo kila mshono umefunguka, hujui upi ulikuwa unavuja na upi umekauka tu. Sisi tukishaivuta hatuchoti nje maji yaliyobaki ndani. Tunayaacha, halafu baba mdogo anainama upande mmoja na mimi upande mwingine, na popote maji yanapochuruzika kutoka ndani kuja nje tunaweka alama ya mkaa. Yasipotosha tunaongeza ndoo, lakini kidogo, yafunike mbao za chini tu. Ukiijaza boti maji ikiwa nchi kavu uzito wake unaisukuma mishono kutoka ndani na hakuna ziwa nje la kuikinga, utapata uvujaji ambao hukuwa nao.

Hapohapo tunaangalia inavyokaa kwenye magogo. Gogo liwe chini ya mkuku na pale penye ubavu, lisiwe katikati ya mbavu mbili ambapo ubao hauna mgongo. Kisha uzi wa fundi mwashi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, uvutwe ukaze. Kama katikati ya mkuku pamenyanyuka kuukaribia uzi kuliko mwaka jana, chombo kinavunjika mgongo polepole na hakuna rangi itakayokunyoshea hilo. Baba mdogo ana kijiti alichokichora alama ya kila mwaka, anakiweka juu ya paa la jiko. Nimemwambia tuandike kwenye daftari. Amekataa, anasema daftari hulowa.

Neno kidogo kuhusu kuosha. Usiioshe ukiwa umesimama majini hadi magotini. Pwani yote hii ina kichocho, cha matumbo hasa, na konokono wake wanapenda palepale penye majani na maji yaliyotulia ambapo ni rahisi kusimama. Chota maji, panda nayo juu, oshea nchi kavu. Na dawa ya kichocho zikigawiwa, meza, usiwaachie watoto wa shule peke yao.

Baada ya kuosha ndipo bisibisi inapoingia kazini, na hapa usiwe na huruma. Tunaanza juu. Kwanza mpini: gonga ubao taratibu ukisogea, sikiliza. Ubao mzima unajibu, uliooza unanyamaza. Palipokaa kimya, geuza, sukuma ncha. Mwaka huu tulikuta pahala pamoja chini ya bao la kukalia la mbele, kichwa cha ubavu kinapokutana na ukingo. Rangi nyeupe, safi, haina hata ufa. Bisibisi ilizama bila kusukumwa, hadi karibu na mpini. Ilipotoka ilikuja na vipande vya kahawia vilivyojikata mraba mraba, vibichi, vyenye harufu ya uyoga. Juu yake kwenye ukingo palikuwa na tundu dogo la msumari uliong'oka. Mvua ya masika nzima imekuwa ikiingilia hapo, na rangi iliyopakwa juu na chini ikaifungia humo. Maji yaliingia, njia ya kutoka hayakupata, ubao ukageuka shamba la fangasi huku ukipendeza kwa nje. Ndiyo maana nawagombeza wapaka rangi.

Kinachofuata ni misumari. Huwezi kuijua kwa kuitazama kichwa. Chagua mmoja karibu na mstari wa maji, ung'oe. Nakubali inauma kung'oa msumari ulioshika, lakini mmoja utakusemea ishirini. Uangalie katikati, pale ubao unapogusana na ubavu: ndipo maji yanapokaa, na chuma huliwa pale kwanza. Tuliong'oa mwaka huu ulikuwa na kichwa kizima, ncha nzima, na kiuno chembamba kama njiti ya kiberiti. Ukiukuta hivyo, jirani zake nao ni hivyo. Tazama na tundu lenyewe. Kama mbao zimezunguka tundu zikiwa nyeusi na laini, kutu imeshaanza kuzila. Chuma kinapopata kutu ndani ya mbao ngumu zenye asidi nyingi kinaoza pamoja nazo. Msumari mpya kwenye tundu lile haushiki kitu. Unaziba la zamani kwa kijiti cha mbao ngumu, unasogea, unapigilia pembeni kwenye ubao wenye afya, na uwe msumari uliochovywa zinki. Misumari mitupu ya dukani inauzwa bei rahisi kwa sababu zake.

Kalafati, yaani kuziba mishono, watu wanaijua, nitapita upesi isipokuwa kwa jambo moja. Sisi wa kanda hii hatuna shida ya pamba, tunaishi kwenye pamba. Inasokotwa iwe uzi mnene, inashindiliwa kwenye mshono kwa patasi butu, inafunikwa kwa lami au puti, na mafundi wengi hapa wanapigilia ukanda wa bati juu yake. Ukanda wa bati siupendi, unaficha kama rangi inavyoficha, lakini fundi wetu hawezi kulala bila kuuweka na mimi si fundi. Jambo lenyewe ni kiasi. Boti iliyokauka sana ina mishono mipana ya kutamanisha. Mtu anashindilia pamba mpaka patasi inagoma, anaona amefanya kazi ya maana. Boti ikirudi ziwani mbao zinakunywa, zinavimba, hazina pa kwenda, na nguvu ya ubao unaovimba si ya mchezo: inang'oa misumari, inapasua mbavu. Ndiyo maana boti inakaa kivulini, chini ya turubai lililoinuliwa kwenye vijiti upepo upite chini yake, na siyo kwenye jua la kiangazi karibu na ikweta, mita 1,134 juu ya bahari. Turubai lililolalia boti moja kwa moja ni baya kuliko kutokuwa nalo. Linapika unyevu ndani.

Mbao za kubadilishia zimekuwa kesi. Mvule sasa unausikia kwa wazee. Mninga mzuri unatoka upande wa Tabora, na bei yake unaiulizia ukiwa umekaa. Zilizojaa mjini ni paina, wenyewe tunaziita mbao za Mafinga, na mkaratusi. Paina kwa boti ni kujidanganya usipoitia dawa. Mkaratusi una nguvu lakini unapasuka na kujikunja ukikauka vibaya. Mwaka fulani duka moja mjini lilituuzia "mninga" mwekundu wa kuvutia. Fundi aliupitisha randa mara moja, akanionyesha: chini ya unene wa karatasi ulikuwa mweupe. Wameupaka oili. Na ulikuwa mbichi, maji yanatoka ukiukaza kwenye jiliwa. Tangu siku hiyo sinunui ubao bila kuukwangua pembeni kwa kisu na kuunusa, na muuzaji akinikataza naaga. Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipofika Kageye, upande wa Magu, mwezi Februari 1875, boti yake ya Lady Alice ilikuja vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo, ya mbao nyepesi aina ya mwerezi, na Machi akaanza kulizunguka ziwa nayo. Aliyeibeba hakuulizwa maoni yake kuhusu mbao. Sisi wa kubeba ni upepo, tunaweza kumudu nzito.

Nikiwa kwenye oili: ile chafu ya magari ambayo watu wanaipaka ndani ya boti kama dawa, iacheni. Inazuia maji kwa muda, ni kweli. Lakini puti na rangi havishiki tena juu yake miaka na miaka, na inayobaki inaenda ziwani. Maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa ziwani humuhumu, Capri Point na Butimba. Mafuta ya kitani yaliyopashwa moto kidogo yanaingia ndani ya ubao, yanakauka, na yanapokea rangi. Ni ghali, lakini boti haiyanywi kila mwezi.

Rangi yenyewe: ubao uwe mkavu, nje tabaka mbili, ndani ya boti moja nyepesi au mafuta matupu ili ubao upumue. Basi.

Tanga letu baba mdogo alilishona mwenyewe kwa viroba vya plastiki, na linakufa kwa jua kabla ya kufa kwa upepo. Likwaruze kwa ukucha. Likitoa vumbi na nyuzi fupi, limekwisha, hata kama halina tundu. Nyuzi za mshono huchoka kabla ya kitambaa, kwa hiyo vuta kila mshono kwa mikono miwili. Kamba za katani zinadanganya vilevile, nje nzuri, ndani unga: zifungue misokoto, angalia katikati. Za plastiki hazidanganyi, zinachanika manyoya nje na unaziona. Kwenye mlingoti na foromali, ule mti unaoshika tanga, nyufa za kufuata urefu ni kawaida ya mti uliokauka, usizikose usingizi. Mstari mwembamba unaokata mti kwa upana, hata kama ni wa kuonekana kwa kucha tu, ni mwisho wa mti huo. Ukate kuni. Tafuta mstari huo pale foromali inapofungwa kwenye mlingoti, maana ndipo panapobeba yote, na futa uchafu kwanza kwa sababu mafuta ya mikono na vumbi vinauziba.

Kuna mtu atasema vyombo vinakaguliwa na serikali. Ni kweli, TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, wanakagua vyombo vidogo, na baada ya kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere kule Ukara mwaka 2018 hakuna mtu wa Mwanza anayeweza kucheka ukaguzi. Mimi maboya ya kuvaa yapo na karatasi zipo. Lakini mkaguzi hatang'oa msumari wako. Hawezi kujua kwamba chini ya bao la mbele kuna ubavu unaonuka uyoga. Hilo ni la mwenye boti na bisibisi yake.

Kurudi majini kuna utaratibu wake. Siku mbili kabla tunamwaga ndoo kadhaa ndani na kufunika magunia mabichi kwenye mbao za chini, zianze kunywa. Ikishushwa itavuja, ivuje. Tunaifunga kina kifupi, kopo la kufulia maji likae humo, na mtu alale karibu. Ikifika siku ya tatu mshono bado unatiririka, inavutwa tena na kushindiliwa kutoka nje. Kushindilia kutoka ndani ikiwa majini ni kuisukuma pamba nje, iende ziwani.

Mwaka huu tumebadilisha ule ubavu na kipande cha ukingo juu yake. Tumebaki tunabishana juu ya ubao mmoja wa ubavuni, wa mkaratusi, ambao ukiugonga haunyamazi na haujibu sawasawa. Baba mdogo anasema, "Mwanangu, huo utanizika." Fundi anasema mwaka mmoja. Tumeweka alama ya mkaa, bisibisi itarudi Septemba kabla ya vuli, na hela ya mninga nimeshaanza kuitenga bila kumwambia baba mdogo.